Homa Haisubiri Maji Kujaa
Saratani ya mfereji wa nyongo huanza kimyakimya, hadi macho yageuke manjano, mkojo uwe kama chai ya rangi na ngozi iwashe usiku kucha. Anayekesha akimkuna mgonjwa ni mwenzi wake. Kwenye visiwa vya delta ya Rufiji, mwenzi huyo ndiye pia anayehesabu maji yatajaa saa ngapi, maana yakipwa boti haipiti kwenye mikoko, na kufika bandari ya Nyamisati ni mwanzo tu: mbele kuna barabara ya Kilwa hadi hospitali ya Muhimbili au Ocean Road, Dar es Salaam. Mgonjwa akiwekewa mrija wa kufungua njia ya nyongo, manjano hupungua na jamaa hushangilia (mapema mno, kwa maoni yangu). Mrija huo huweza kuziba na kuleta maambukizi. Homa ya kutetemeka ikimpanda, ni dharura ya saa hiyo hiyo, wala panadoli haitoshi. Basi ndugu mnaoleta kuku na dua, ahsanteni. Ila changeni pia hela ya mafuta ya boti, kubalianeni mapema na nahodha, na mmoja wenu alale kwa mgonjwa japo siku moja kwa wiki, huyo anayeuguza naye apate usingizi.