Busaa Haigemwi

Magazeti na redio nchini Kenya huwaita wapikaji wa busaa "wagema". Kosa hili si dogo, na wanafunzi wa Kiswahili nao wamelizoea. Mgema hukwea mnazi, akakata karara kwa kisu kikali na kukinga utomvu kwa kibuyu. Tembo lake halionji moto. Mpikaji wa busaa wa magharibi mwa Kenya huvundika unga wa mahindi kwa maji siku kadhaa, kisha huukaanga juu ya bati, aghalabu ubavu wa pipa lililopasuliwa, hadi uwe wa hudhurungi. Bati hilo ndilo roho ya kazi. Rangi na ladha hutoka hapo. Ndipo huutia majini pamoja na kimea cha wimbi, mtungini au katika pipa la plastiki, vichachuke, halafu achuje. Mtambo wa kukeneka hana. Huo ni wa chang'aa.

Huenda methali ya mgema na tembo ndiyo iliyolifikisha jina hili bara. Hata hivyo, mwanamke anayeitwa mgema, tena mwenye mtambo, amepokonywa ufundi wake kwa maneno mawili. "Mpika pombe" lipo, waandishi walitumie.