Ruhusa ya Kuchimba Sio Ruhusa ya Kubeba

Ile video yangu ya sarafu ya 1888 nimeitoa. Wiki nzima mumejaa kwa inboksi mukiuliza imeenda wapi, kama akaunti imedukuliwa, kama kuna mtu amenitisha. Hakuna aliyenitisha. Nimeitoa kwa sababu ilikuwa video ya wizi, na mmoja wa wezi alikuwa mimi niliyeshika kamera.

Kwa wale hawakuiona: beshte yangu alinunua ditekta mtandaoni, ile mashine ya kutafutia vyuma ardhini. Tukazunguka nayo Mji wa Kale siku mbili tatu tukitafuta mahali pa kuijaribu. Hapa kwetu nyumba zimeshikana mabega, udongo wazi ni wa kutafuta kwa tochi. Mwisho tukambishia hodi bibi mmoja ninayemjua tangu nikiwa mdogo. Uani kwake kuna kona ilibomoka ukuta, akawa anangoja fundi. Tukamuamkia, tukamueleza. Akacheka. Akasema, "Chimbeni wanangu, lakini mufukie vizuri, kuku wangu wasije wakavunjika miguu." Alafu akatuletea chai na mahamri.

Tulipata misumari, kijiko kilichopinda, kopo la samaki. Alafu mashine ikalia kwa sauti nyingine. Chini, kama mkono mmoja, tukatoa sarafu ya shaba. Beshte akaipangusa kwa shati. Neno MOMBASA likatoka, na mwaka 1888.

Tulipagawa. Ile ni pesa ya Imperial British East Africa Company, kampuni ya Waingereza iliyotawala pwani yetu kwa mkataba na Sultani wa Zanzibar kabla ya serikali ya Uingereza kuingia yenyewe 1895. Na nikisema pesa namaanisha pesa kweli, manake zamani hilo lilikuwa jina la sarafu yenyewe, ile ndogo ya shaba, kabla halijawa jina la hela zote.

Bibi alikuwa ndani akiswali. Tukafukia shimo vizuri kama alivyosema, tukamuaga mlangoni, tukamwambia tumepata misumari na kijiko. Hatukudanganya, sivyo? Tulipata misumari na kijiko.

Video ikatazamwa mara laki mbili na nusu. Duka moja la simu likanilipa elfu kumi na tano niwatangazie. Beshte akauza sarafu elfu nane kwa mtu aliyemuandikia inboksi. Bibi alipata shimo lililofukiwa.

Aliyemuonesha video ni mjukuu wake. Nilipoitwa nilijua naenda kutukanwa, nikajiandaa. Hakunitukana. Aliniuliza swali moja: "Mulipoingia mulibisha hodi. Mulipotoka na kitu, hodi mulibisha kwa nani?"

Nimekaa na hilo swali mwezi mzima. Sasa nataka kulijibu hapa, kwa sababu naona ditekta zinaongezeka, naona vijana wenzangu wanapanga kuja kuchimba Mji wa Kale kama shamba lisilo na mwenyewe, na naona kamenti zinazowatetea. Tuzichukue moja moja.

"Mashine ni yake, betri ni yake, jasho ni lake." Sawa. Fundi bomba akija kwenu na spana yake, akafungua bomba la sinki akakuta pete ya mamako, pete ni yake kwa sababu spana ni yake? Utamlipa kazi yake, na akikurudishia pete utamuongeza na shukrani. Lakini akiitia mfukoni kimya kimya, kuna jina la hio kitu na si ujuzi.

"Bibi mwenyewe hakujua kama iko." Nawe hujui kila kilichoko darini kwa nyanyako. Nije nibebe?

"Aliruhusu." Hapa ndipo tunapojidanganya zaidi. Aliruhusu nini? Aliruhusu vijana wawili anaowajua wachezeshe mashine uani kwake. Kichwani mwake kulikuwa na misumari. Mtu hawezi kukuruhusu ubebe kitu asichojua kipo, na wewe ulipokijua ukamficha. Kama ruhusa ilitosha, mbona tulinyamaza pale mlangoni? Mtu anayejua haki ni yake hanyamazi. Anapiga kelele, "Bibi, njoo uone!"

Madrasa tulifundishwa wote: ukiokota kitu cha thamani unakitangaza mwaka mzima. Hicho ni cha kuokota njiani, ambacho mwenyewe humjui. Sisi mwenyewe alikuwa chumba cha pili.

Sasa kuna wajanja wanaoleta mambo ya Uingereza. Huko watafutaji ni wengi na kuna sheria ya hazina ya 1996, ambayo kwa kawaida zawadi inagawanywa nusu kwa aliyepata na nusu kwa mwenye ardhi. Mwaka 2009 kule Staffordshire mtu na ditekta alipata dhahabu ya kale kwenye shamba la mkulima. Ikathaminiwa zaidi ya pauni milioni 3.2, wakagawana nusu kwa nusu. Sasa angalia upande wa pili. Mwaka 2015, karibu na Leominster, wawili walipata hazina ya wakati wa Waviking kwenye shamba la mtu, wakanyamaza, wakaanza kuuza kidogo kidogo. Wakafungwa 2019. Nyingi ya zile sarafu hadi leo hazijulikani ziliko. Wangesema, wangegawana zawadi kubwa na mwenye shamba kwa halali. Tamaa ikawapa jela.

Lakini usikimbilie hio nusu kwa nusu, manake hapa si Uingereza. Mimi chuo niliacha mwaka wa pili na si wakili, ila kusoma najua, na Sheria ya Makumbusho na Turathi ya 2006 inasomeka kwenye simu. Inasema kitu cha kale ni kitu chochote kinachohamishika, ukitoa vitabu na hati, kilichotengenezwa au kuletwa Kenya kabla ya 1895. Vya aina hio vikigunduliwa sasa ni mali ya serikali. Kuvitafuta ardhini kunahitaji leseni. Na ukikutana nacho, unatakiwa uwaarifu Makumbusho ya Kitaifa ndani ya siku saba.

Sarafu yetu ni ya 1888. Fanya hesabu.

Kwa hio haikuwa ya beshte yangu kuuza. Haikuwa yangu. Na ukweli usiopendeza ni kwamba kisheria haikuwa ya bibi kutupa hata kama angetaka. Lakini ardhi ni yake, uani ni kwake, na tukishikwa, watu wanaingia nyumba ya nani kuuliza maswali? Yake. Sisi tulikula faida, hatari tukamuachia bibi wa watu, na hatukumwambia hata kwamba hatari iko.

Najua kamenti inayofuata, manake hata mimi niliiwaza: "Kama serikali inachukua yote, si afadhali kunyamaza? Bibi atapata nini?" Hii ndio hoja pekee yenye nguvu, na siwezi kuipita mbio. Sheria ya Madini ya 2016 inasema madini ni ya Jamhuri, lakini mrabaha unagawanywa: asilimia 70 serikali kuu, 20 kaunti, 10 jamii ya pale yanapochimbwa. Yaani nchi hii inajua kwamba kitu kinaweza kuwa cha wote na bado aliyekaa juu yake akakumbukwa. Kwa nini mchanga wa titani ukumbuke mwenyewe, na sarafu ya Mombasa isimkumbuke? Hilo tulipigie kelele kwa wabunge, kwa nguvu. Jina la nyumba liandikwe penye kitu. Familia ipewe picha zake na ialikwe siku kinapowekwa. Mtu aliyetoa kwa hiari apewe kitu, hata kama ni kidogo. Hizo ndizo kelele za haki. Kumuibia bibi kwa sababu serikali haijamtendea haki, huko ni kumuibia mara mbili.

Na kuna kitu cha kugawana ambacho hakuna sheria inayotuzuia. Nilikijua siku ile bibi aliponiita. Kwenye video nilisema kwa sauti ya kujiamini kwamba tumepata "hazina iliyofichwa wakati wa vita". Watu laki mbili na nusu wakanisikia. Bibi akaniuliza tulichimba wapi hasa. Nikamuonesha kona. Akasema, "Hapo palikuwa na mlango wa nyuma wa duka la babu yangu. Wanawake walikuwa wakipita huo kununua samli na tende, wasipite barabarani." Basi. Hazina ya vita ilikuwa chenji. Mama mmoja aliangusha pesa akienda kununua samli.

Mimi naona hio hadithi ni tamu kuliko ile yangu ya uongo mara kumi. Na ilikuwa imekaa ndani, hatua sita kutoka kwenye shimo, ikingoja kuulizwa. Ditekta inajua kulia tu. Aliyejua mlango ulikuwa wapi ni yule tuliyemficha. Ukimnyima mwenye nyumba kuona kilichotoka, umejinyima mwenyewe kujua umepata nini.

Tembea hadi Fort Jesus uone mfano. Meli ya Wareno, Santo António de Tanná, ilizama hapo mbele ya ngome 1697. Ilipochimbwa chini ya maji kuanzia 1977, vitu vilipandishwa kwa utaratibu, kila kimoja kikiandikwa kilikuwa wapi, na leo mtoto wa Kibokoni anaingia makumbusho anaviona hapa hapa kisiwani. Sarafu yetu iko kwenye droo ya mtu. Hajui duka, hajui mlango, hajui samli. Kwake ni kipande cha shaba chenye mwaka.

Kwa hio, kwa wenzangu wenye ditekta na kamera, nasema hivi. Mwenye nyumba aambiwe kabla, kwa maneno anayoelewa: tunaweza kupata nini, sheria inasema nini, video itaenda wapi. Kitu chochote kikitoka, mashine izimwe, aitwe aone kabla ya kamera. Ikiwa ni cha familia, pete ya juzi, funguo, shilingi ya wakati wa babake, ni cha nyumba hio, kirudi kwake, hakuna mjadala. Ikiwa kinanuka uzee, usiendelee kuchimba, kiachwe kilipo na Makumbusho waambiwe, na aende kuripoti mwenyewe au muende pamoja, Fort Jesus si safari. Na hela ya video igawanywe. Ndio, hio pia. Bila uani wake hukuwa na video, ulikuwa na mashine inayolia chumbani kwako.

Kama masharti haya yanakuulia kontenti, basi kontenti yako ilikuwa inasimama juu ya mtu asiyejua. Tafuta nyingine.

Mimi nimempelekea bibi nusu ya zile elfu kumi na tano. Alizihesabu, akazirudisha kwenye bahasha, akasema zitalipa fundi wa ukuta. Beshte yangu haongei na mimi tangu nilipomwambia naandika hii. Aliniuliza kama nataka kumfunga. Sitaki kumfunga mtu. Jina lake sitalitaja hapa, na najua kuna wanaosema huko ndiko kujificha. Nimeshawaambia wahusika kuhusu sarafu, kwa mdomo wangu, na sehemu yangu nimeisema bila kuipunguza. Kama kuna lawama ya kuchelewa zile siku saba, inanihusu na mimi.

Ile sarafu upande mmoja ina mizani. Niliizungusha mbele ya kamera mara tatu ili ing'ae vizuri, nikasema, "Oneni wadau, mizani!" Sikuona kitu.

Wewe uliyeinunua kwa elfu nane, najua unanifuata, manake ulipata habari kwangu. Elfu nane yako nitakurudishia, nipe muda. Inboksi iko wazi. Bibi anataka kuiona mara moja tu kabla haijaenda Fort Jesus. Hajawahi kuishika.