Mnalipa Tiketi Kuingia Matanga

Wasee, nisikizeni hadi mwisho kabla mnirukie. Hizi filamu za maisha ya watu halisi ambazo mmekuwa mkililia kwa sinema miaka hii ya karibuni, nyingi hazina tofauti na ile karatasi ya kung'aa unayopewa kwa mlango wa kanisa siku ya mazishi. Picha nzuri mbele, marehemu amevaa suti. Ndani: alizaliwa, akasoma, akapenda watu wote, akaugua kwa muda mfupi, akalala. Aliyeandika ni familia, aliyelipa printa ni familia, na hakuna mtu atasimama aulize mbona ukurasa wa tatu umerukwa. Tofauti ni kwamba matangani huingii kwa tiketi, na chakula ni bure.

Nianze na Bob Marley kwa sababu najua hapo ndipo mtanichapa. One Love ilitoka Februari 2024, na Kingsley Ben-Adir alifanya kazi yake, sina neno naye. Lakini angalia majina ya watayarishaji: Rita Marley, Ziggy Marley, Cedella Marley. Mke, kijana, binti. Sasa ulitegemea nini? Filamu inashika miaka michache tu, kutoka Desemba 1976 watu walipovamia nyumba yake Kingston na kumpiga risasi, inaenda London walikorekodi Exodus, inarudi Jamaika kwa tamasha la amani la 1978. Hapo katikati kulikuwa na mwanaume mwenye watoto 11 aliowatambua, na mama zao si mmoja, na mke aliyekuwa akimwitikia nyimbo kwa jukwaa lile lile. Hiyo peke yake ni filamu ya saa tatu. Sisi tukapewa ugomvi mmoja nje ya sherehe, halafu haraka haraka tukarudishwa kwa moshi na tabasamu. Rita alipigwa risasi ya kichwa usiku ule, na siku mbili baadaye akapanda jukwaani. Mwanamke kama huyo unamfanya kuwa mtu wa kumkumbusha mumewe yeye ni nani? Na kinachonishangaza zaidi, yeye mwenyewe ni mmoja wa waliotia sahihi.

Ile ya Whitney Houston ya 2022 nayo ilinichekesha. Humo ndani bosi wa kampuni ya muziki, Clive Davis, ni malaika. Anasikiliza, anashauri kwa upole, anataka Whitney atafute matibabu. Haya, nenda usome majina ya watayarishaji. Mmoja wao anaitwa Clive Davis. Buda! Hata mimi nikipewa bajeti nitajiandika nikiwa mrefu.

Lakini baba ya hizi filamu zote, ile iliyofundisha Hollywood kwamba matanga yanalipa, ni Bohemian Rhapsody ya 2018. Zaidi ya dola milioni 900 duniani, Oscar nne, moja ya Rami Malek. Najua mnaipenda. Hata mimi ile dakika 20 ya mwisho ya Live Aid inanibamba, siwezi kudanganya. Shida ni jinsi walivyotufikisha hapo.

Kwa filamu, Freddie Mercury anawatoroka wenzake kwa siri kwenda kurekodi albamu yake peke yake. Wenzake wanaumia, bendi inavunjika, wanakaa miaka bila kupiga pamoja. Halafu Freddie anapimwa, anaambiwa ana virusi, anarudi kwao kama mwana mpotevu, anaomba msamaha, na wote wanaenda kupiga Live Aid, Julai 1985, huku yeye akijua anakufa. Unalia. Mimi pia ningelia. Sasa tuweke miaka mezani. Queen haikuwa imevunjika. Januari 1985, miezi sita kabla ya Live Aid, walikuwa Brazil wakipiga kwa tamasha la Rock in Rio mbele ya umati usioisha. Na huyo Freddie msaliti aliyetoka kivyake? Roger Taylor, mpiga ngoma, alikuwa ametoa albamu yake 1981, na nyingine 1984. Brian May alitoa kazi yake ya pembeni 1983. Albamu ya Freddie ilikuja 1985, baada ya zao. Na kuhusu ugonjwa, watu wa karibu naye walisema alijua 1987, miaka miwili baada ya ile siku ya Wembley.

Kwa hivyo umepata nini hapo? Umepata stori ambayo mtu mmoja alikosea wote, ugonjwa ukaja kama adhabu, kisha akasamehewa na wale wazuri. Wale wazuri ni Brian May na Roger Taylor. Wako hai, na walihusika na utengenezaji wa filamu. Freddie alikufa Novemba 1991. Hakuwa kwa kikao.

Na kitu kingine kinaniuma kama mtu wa huku. Huyu jamaa alizaliwa Mji Mkongwe, Unguja, Septemba 1946, jina lake Farrokh Bulsara. Familia yao ilikimbia baada ya mapinduzi ya 1964, yeye akiwa na miaka 17. Mtoto wa Kiparsi kutoka pwani yetu, anafika Uingereza mkimbizi, anakuwa vile alivyokuwa. Kwa hiyo filamu Zanzibar inapita kwa maneno machache tu, kama kituo ambacho matatu haikusimama.

Sasa kuna wale mtasema, "Lakini si ni filamu tu? Lazima wabadilishe vitu." Ndiyo, lazima. Maisha ya mtu hayana mpangilio, na saa mbili ni saa mbili. Kwa ile ya Bob Dylan ya 2024, A Complete Unknown, mtu kwa umati anamwita Dylan Yuda pale Newport 1965. Ukweli ni kwamba alipigiwa kelele hizo Manchester, mwaka uliofuata. Sina shida na hiyo hata kidogo. Watu walimkasirikia Newport, watu walimkasirikia Manchester, wameunganisha. Hakuna mtu ameibiwa. Nikiona kitu kimebadilishwa, swali langu ni moja: uongo huu unamlipa nani? Kama unalipa stori, sawa, endelea. Kama unamlipa yule aliyeshika kalamu, hapo tuna kesi.

Chukua Straight Outta Compton ya 2015, ya zamani kidogo lakini nusu ya rika langu inaijua kichwani. Dr. Dre na Ice Cube ni watayarishaji. Kuna polisi wabaya, kuna meneja mwenye ujanja, kuna Eazy-E akifa kwa uchungu. Hakuna Dee Barnes. Dee Barnes ni mwanahabari wa hip hop ambaye Dre alimpiga kwa klabu 1991, kesi ikaenda hadi kortini na Dre hakuipinga. Filamu ilipotoka, mwanamke mwenyewe akaandika kwamba ameachwa nje, na mwezi huo huo Dre akatoa taarifa ya kuomba msamaha kwa wanawake aliowaumiza. Msamaha ulipatikana kwa gazeti. Kwa filamu, ambayo watu wataiona miaka 50 ijayo, hakuna kitu.

Nyumbani kwetu mashambani tulimzika mzee mmoja wa ukoo, mtu wa heshima, tenti tatu, spika kubwa. Wasifu ulisomwa: mke mmoja, watoto wanne, wajukuu. Kando ya tenti alikuwa amesimama kijana mmoja, sura ni ya marehemu, huwezi kubisha, hata masikio. Jina lake halikuwa kwa karatasi. Alisikiliza yote hadi mwisho, akashika koleo wengine wakishika, akaenda zake kabla ya chakula. Watu waliniambia niache, hizo ni mambo za familia, marehemu hasemwi vibaya. Ni sawa. Lakini mnaona vile hiyo heshima inafanya kazi? Marehemu haumii tena. Anayelipa ni yule kijana, maana siku hiyo mbele ya kijiji kizima amefutwa. Dee Barnes ndiye huyo kijana.

Na msiniambie ati huwezi kufanya vizuri kama mwenye maisha anahusika. Better Man ilitoka mwisho wa 2024, maisha ya Robbie Williams, na Robbie mwenyewe anasimulia. Kwanza wamemweka kama sokwe. Nyani mzima, filamu nzima, na hakuna mtu humo anashangaa. Nilidhani ni mchezo, hadi dakika kumi hivi nikasahau. Na huyo sokwe ni mtu mbaya vibaya: dawa za kulevya, wivu, jinsi alivyomtenda mchumba wake, jinsi alivyomwabudu baba ambaye hakuwepo. Jamaa aliketi akakubali kuonekana hivyo akiwa hai, watoto wake wako hai. Watu walienda? Hawakuenda. Ilikula hasara mbaya. The Apprentice nayo, ile ya Trump akiwa kijana chini ya wakili Roy Cohn, ilitishiwa kushtakiwa, wasambazaji wakubwa wakaingia baridi, ikatoka hivyo hivyo Oktoba 2024, wiki chache kabla ya uchaguzi. Sebastian Stan na Jeremy Strong wote wakatajwa kwa Oscar. Pesa? Kidogo sana. Halafu mnashangaa kwa nini studio zinaendelea kupika uji. Uji unanunuliwa, na wanunuzi ni nyinyi.

Mtu aniulize, inanihusu nini mimi na mambo ya Wamarekani na Waingereza? Inanihusu kwa sababu niliacha chuo mwaka wa pili, na historia nyingi niliyo nayo nimeipata kwa skrini, kama nyinyi wengi tu, ata wale mna digrii. Na inanihusu kwa sababu zamu yetu inakuja.

Angalia vile tumeanza. Kimani Maruge, mzee wa miaka 84, aliyepigania uhuru na kuteswa, anaingia darasa la kwanza 2004 baada ya elimu ya msingi kufanywa bure. Stori yetu kabisa. Filamu yake, The First Grader, ilikuja 2010. Oliver Litondo ni Mkenya na alimbeba Maruge vizuri mno. Lakini mwelekezi ni Justin Chadwick, Mwingereza, na mwalimu, ambaye polepole anageuka kuwa shujaa wa filamu, ni Naomie Harris, Mwingereza. Miaka mitatu baadaye ikaja ya Mandela. Mwelekezi? Justin Chadwick. Winnie? Naomie Harris. Mandela ni Idris Elba, wa London. Sisemi ni waigizaji wabaya, Elba ni moto. Nasema ni kama kuna ofisi moja huko London inatoa leseni ya wazee wetu, na sisi tunapanga foleni kuchukua nakala.

Yaani tuko kati ya mambo mawili: ama mgeni atuandikie, ama familia iandike. Na kuna wa tatu, serikali. Aprili 2025 BBC Africa Eye ilitoa Blood Parliament, kuhusu waliouawa pale bungeni Juni 25, 2024. Onyesho lililopangwa Nairobi likafutwa. Hiyo ilikuwa makala ya kweli, na iko YouTube bure. Sasa fikiria siku mtu ataleta filamu ya kuigiza kuhusu wale vijana, na bajeti imetoka kwa mkono fulani, na polisi wa ndani ya filamu wote wana mashaka na huzuni na mama mgonjwa nyumbani. Mtaijua? Mmezoea uji.

Inawezekana kufanya vizuri hapa hapa. Softie ya Sam Soko, 2020, inamfuata Boniface Mwangi akigombea ubunge Starehe 2017. Si ya kuigiza, lakini kila mwandishi wa skripti Nairobi angeitazama kwa kalamu. Mwangi ni jasiri humo, na pia unamwona vile mkewe anabaki na watoto na vitisho wakati yeye anaokoa nchi. Hakuna mtu alimpaka mafuta, na ukitoka hapo unamheshimu zaidi.

Mimi yule ninamngoja ni Samuel Wanjiru. Beijing 2008, miaka 21, joto la kuua, saa 2:06:32, Mkenya wa kwanza kushinda dhahabu ya marathoni ya Olimpiki. Akashinda London, akashinda Chicago mara mbili. Mei 2011 akaanguka kutoka kwa roshani ya nyumba yake Nyahururu, akafa na miaka 24, na hadi leo watu hawakubaliani alivyoanguka. Naijua tayari ile filamu rahisi: mtoto maskini anakimbia bila viatu kwa vumbi, muziki wa kwaya, Beijing, bendera, maandishi meupe kwa skrini nyeusi. Imeisha. Mimi nataka miaka mitatu ya baada ya Beijing. Nataka pesa ikiingia kwa mkono wa kijana wa miaka 21 na simu zikianza kupigwa. Nataka marafiki, pombe, nyumba yenye kelele, na kila mtu wa upande wake akiwa na sauti hata kama hadithi zao zinagongana. Na huyo mwelekezi aamue mwenyewe kamera isimame wapi usiku ule, bila kuomba mtu ruhusa.

Kama kuna mtu Nairobi ana hiyo skripti kwa droo, aitoe sasa, kabla kampuni ya viatu haijafika na hela.