Taa ya Mfuko wa Hewa Isizimwe kwa Ujanja



Miongoni mwa barua zilizotufikia juma hili imo moja ya mama mmoja, mfanyakazi wa kiwanda cha nguo hapa Dar es Salaam. Yeye na mumewe walidunduliza kwa miaka minne hata wakanunua Toyota iliyokwisha kutumika Japani, nayo ndiyo inayowachukua wao na watoto wao watatu kila asubuhi. Tangu masika ilikuwa ikiwaka katika dashibodi taa nyekundu yenye picha ya mtu aliyeketi, na mbele ya kifua chake duara kama mpira. Fundi wa mtaani alipokea shilingi 20,000, akainama chini ya dashibodi kwa robo saa, na taa ikazimika. Mama huyo auliza: je, gari limepona?

Huenda limepona, na huenda limezibwa mdomo tu. Njia ya kujua anayo yeye mwenyewe, wala haimgharimu hata senti moja. Lakini kabla ya kuieleza hatuna budi kufahamu kwanza taa ile imewekwa pale kwa kazi gani.

Mfuko wa hewa ni kifuko cha kitambaa cha nailoni kilichokunjwa vizuri ndani ya usukani, na kingine ndani ya dashibodi mbele ya abiria. Magari mengi ya miaka ya karibuni yana mingine zaidi ubavuni mwa viti na juu ya madirisha. Nyuma ya kila mfuko kuna kopo la chuma lenye kemikali. Gari likigonga kwa nguvu, kompyuta ndogo, ambayo aghalabu hufungwa sakafuni katikati ya gari, hutambua mshtuko huo na kupeleka umeme kwenye kopo. Kemikali huwaka, gesi hutoka, na mfuko hujaa kwa muda wa sehemu kama 30 za sekunde iliyogawanywa mara 1,000. Jicho halijamaliza kupepesa, kazi imekwisha. Mamlaka ya usalama barabarani ya Marekani imekadiria kuwa mifuko ya mbele peke yake iliokoa maisha ya watu zaidi ya 50,000 nchini humo kati ya mwaka 1987 na 2017.

Sasa fikiri, msomaji: chombo hiki hufanya kazi mara moja tu, na hakiwezi kujaribiwa kwa kulipuliwa. Breki utazikanyaga ujue kama zinashika. Honi utaibonyeza uisikie. Mfuko wa hewa utaujaribuje? Watengenezaji walipata njia moja. Kila unapowasha swichi, kompyuta hupitisha umeme hafifu mno katika njia ya kila mfuko, ikipima ukinzani wake, ambao katika magari mengi hukaribia omu 2. Ikikuta waya umekatika, au waya mbili zimegusana, au soketi imelegea, huwasha taa ile na kuandika hitilafu hiyo katika kumbukumbu yake. Katika magari mengi kompyuta huendelea kukataa kuamini njia hiyo mpaka itengenezwe. Kwa hiyo taa ikiwaka moja kwa moja, maana yake ni kwamba siku ya ajali huenda mfuko ukabaki umekunjwa pale pale ulipo, na abiria wasiujue mpaka wakati huo.

Mara nyingi chanzo chake si kitu kikubwa, wala hakipo katika mfuko wenyewe. Anza chini ya viti vya mbele. Humo mna nyaya zenye soketi za rangi ya manjano, rangi ambayo watengenezaji wengi wamelitengea jambo hili, zinazokwenda kwenye mifuko ya ubavuni na kwenye vikaza mikanda, yaani vile vyombo vinavyovuta mkanda kwa ghafla gari linapogonga. Mtu akisukuma kiti mbele na nyuma kila siku, au mwosha magari akichokora chini ya kiti kwa brashi, au mtoto akiingiza mwanasesere wake humo, soketi hulegea. Maji nayo ni adui mkubwa. Gari lililopita Jangwani siku ya mafuriko likaingiza maji sakafuni laweza kukauka zulia lake kwa siku tatu, lakini kutu ndani ya soketi huendelea kula kimyakimya kwa miezi. Mama yetu asema taa ilianza tangu masika. Hapo pana jambo la kuchunguza.

Chanzo cha pili kimo chini ya usukani. Usukani huzunguka, ilhali nyaya za mfuko haziwezi kuzungushwa zisikatike. Kwa sababu hiyo pamewekwa kisahani cha plastiki, na ndani yake utepe mrefu wa nyaya uliokunjwa mviringo, mfano wa utepe wa kaseti. Usukani ukienda kulia utepe hukunjuka, ukirudi hujikunja. Baada ya miaka mingi utepe huo huchoka na kukatika. Tena kuna mafundi ambao, wakifungua usukani kwa kazi nyingine, huurudisha bila kuuweka utepe katikati, na mara ya kwanza dereva anapokata kona kali, unakatika. Dalili yake ni rahisi kukumbuka: taa ya mfuko inawaka, na wakati huo huo honi imenyamaza, au vitufe vya redio vilivyo juu ya usukani havifanyi kazi. Vyote hivyo hupita katika utepe ule ule. Mwenye gari anayeona dalili hizo mbili pamoja amekwisha kumsaidia fundi nusu ya kazi.

Betri dhaifu nayo huweza kuiwasha taa, hasa katika gari lililokaa muda mrefu bila kuendeshwa. Kifungio cha mkanda kilichoingia soda au mchanga, vivyo hivyo.

Palipo na mashine ya kusomea kompyuta ya gari kazi huwa nyepesi, mradi fundi anunue ile inayosoma mifuko ya hewa, kwa maana zile za bei ndogo nyingi husoma injini tu. Katika Toyota nyingi za miaka ya 1990 hata mashine haikuhitajika: fundi huunganisha matundu mawili ya soketi ya kupimia kwa kipande cha waya, nayo taa huanza kupepesa na kuhesabu namba za hitilafu. Lakini namba hutaja njia, haitaji kipuri. Toyota ikitoa namba B1801, maana yake njia ya umeme ya mfuko wa dereva imekatika mahali fulani. Fundi mwenye pupa atakuambia, "Mfuko umekufa, lete pesa tununue mwingine." Fundi mwenye subira atafuata njia hiyo kuanzia kompyuta, apite kila soketi, afike kwenye utepe, na mara nyingi atalikuta tatizo kabla hajafika kwenye mfuko.

Tukirudi kwenye ujanja wenyewe, upo wa namna tatu. Wa kwanza ni kung'oa balbu ya taa au kuifunika kwa utepe mweusi. Wa pili ni kuunganisha waya wa taa hiyo na waya wa taa nyingine, mathalani ya oili au ya chaji, ili ziwake pamoja na kuzimika pamoja. Wa tatu ndio mbaya kuliko yote: fundi huweka mahali pa mfuko kikinza kidogo chenye miguu miwili ya waya, kile ambacho mafundi wa redio hukiita rezista. Kompyuta hupima, hukuta omu zake 2, na hudhani mfuko upo. Yumkini nyuma ya kifuniko cha usukani hamna kitu ila matambara, kwa kuwa mfuko ulilipuka katika ajali ya mwenye gari wa kwanza.

Kipimo cha nyumbani ni hiki. Washa swichi, lakini usiwashe injini. (Ikiwa gari lako ni la kubonyeza, bonyeza mara mbili bila kukanyaga breki.) Taa nyingi zitawaka pamoja. Tazama ile ya mfuko peke yake. Katika gari zima itawaka, itakaa sekunde chache, katika Toyota nyingi ni kama 6, kisha itazimika yenyewe, huku taa ya oili na ya betri zikiendelea kuwaka kwa sababu injini bado imelala. Ikiwa haikuwaka kabisa, balbu imeng'olewa, imefunikwa, au imeungua. Ikiwa imeendelea kuwaka sambamba na ya oili, na zote mbili zikazimika ulipowasha injini, waya umeunganishwa. Hata mtoto wa darasa la tano aweza kusaidia kuhesabu sekunde.

Rezista haigunduliki kwa njia hiyo. Hapo yabidi macho. Tazama kifuniko cha usukani na cha dashibodi upande wa abiria: je, rangi yake ni moja na rangi ya dashibodi yote? Je, kuna mshono, gundi, au ufa uliosiliwa? Vuta mikanda yote mpaka mwisho uone kama inarudi. Mkanda uliokwisha kukazwa katika ajali aghalabu hukwama. Anayetaka kununua gari yadi afanye haya yote kabla ya kuzungumza bei, na akiona mashaka amlipe fundi wake mwenyewe, wala si fundi wa muuzaji, afungue kifuniko.

Kufungua huko, tafadhali, si kazi ya baba wa nyumba siku ya Jumapili. Kopo lile ni baruti. Fundi anayejua kazi huondoa kwanza waya wa hasi wa betri, kisha husubiri. Toyota huagiza sekunde 90 kwa uchache, na kampuni nyingine dakika kadhaa, kwani kompyuta huweka akiba ya umeme ili iweze kulipua mfuko hata betri ikikatika katika ajali. Hapimi mfuko kwa mita wala kwa taa ya majaribio, maana umeme mdogo wa vyombo hivyo waweza kuulipua. Akiubeba huuelekeza upande wa kitambaa mbali na mwili wake, na akiuweka mezani huuweka upande huo juu. Ukimwona fundi anachomeka mita katika waya wa manjano huku betri ikiwa imefungwa, simamisha kazi.

Limebaki jambo moja ambalo taa hii haiwezi kulisema. Mamilioni ya magari ya Japani na ya nchi nyingine yalitoka kiwandani yakiwa na makopo ya kampuni ya Takata, yaliyotumia kemikali iitwayo amonia naitreti. Imethibitika kuwa kemikali hiyo ikikaa miaka mingi katika joto na unyevu, bila kuongezewa dawa ya kufyonza unyevu, huharibika. Siku ya kulipuka hulipuka kwa nguvu mno, ikalipasua kopo na kurusha vipande vya chuma usoni mwa dereva. Watu kadhaa wamekufa hivyo, nchini Marekani na kwingineko. Magari mengi mno yaliitwa yarudishwe kubadilishiwa makopo, na kampuni hiyo ikafilisika mwaka 2017. Joto na unyevu ni hali ya Dar es Salaam, Tanga, Mombasa na Unguja mwaka mzima. Kompyuta hupima nyaya, haipimi kemikali, hivyo taa itazimika kama kawaida huku kopo likiwa limeoza. Kampuni nyingi za magari zina kurasa katika intaneti ambamo ukiandika namba ya chesisi utaambiwa kama gari lako limo katika orodha. Kijana yeyote mwenye simu aweza kukusaidia. Kwa sababu hiyo hiyo mfuko uliotumika, unaouzwa juu ya meza ya vipuri bila mtu kujua umetoka gari gani, usiununue hata kwa bei ya bure.

Sasa, mama yetu. Kesho asubuhi, kabla watoto hawajapanda, washa swichi na uhesabu. Taa ikiwaka na kuzimika yenyewe baada ya sekunde chache, muulize fundi kwa upole aligusa nini. Akikuonyesha soketi ya chini ya kiti aliyoisafisha, shilingi zako hazikupotea. Isipowaka, au ikizimika pamoja na ya oili, mpeleke fundi mwingine arudishe kwanza taa kama ilivyokuwa, kisha ndipo atafute hitilafu. Katika siku hizo za kungoja gari laendesheka, lakini kila mmoja afunge mkanda, na watoto wote wakae nyuma. Kwa mtoto mchanga katika kiti kinachotazama nyuma, hilo ni la siku zote: asiwekwe kamwe mbele ya mfuko unaofanya kazi, kwa kuwa nguvu ya mfuko ukifunguka yaweza kumuua. Na kazi ikiisha, mwombe fundi afute hitilafu katika kumbukumbu ya kompyuta mbele yako, halafu akukabidhi na kile kipuri cha zamani alichokitoa.