Tumfunge Ngamia Kwanza, Ndipo Tuseme Tawakaltu



Leo hatukuleta mshono mpya wa dira wala pishi la Ijumaa. Tumeleta jambo ambalo limetukaa kifuani tangu msimu wa pamba uliopita, na kila tukikutana kwenye cherehani mmoja wetu hulianza, wengine tukanyamaza. Tumeona bora tuliandike. Huenda likamzuia dada mmoja asifanye tulilofanya sisi.

Wengi wenu mnajua kuwa sisi ni wanawake wanne, wawili wa Unguja na wawili wa Pemba. Tunashona madira, mabaibui na sare za harusi, halafu tunapeleka Bara kuuza. Mwenzetu mmoja ameolewa Bukundi, wilaya ya Meatu, mkoa wa Simiyu. Kule watu wanalima pamba, na pamba ikishanunuliwa, pesa inaonekana mnadani. Mama aliyevumilia mwaka mzima anataka nguo mpya ya kwake na ya binti yake. Basi na sisi tunafuata msimu, kama wavuvi wanavyofuata bamvua.

Tatizo letu lilikuwa usafiri. Kutoka mnada mmoja kwenda mwingine tulikuwa tunapanda juu ya Fuso, tumekalia marobota yetu wenyewe, tumeshikilia kamba, vumbi hadi kwenye kope. Tukachangishana miaka miwili, tukapata pesa ya kununua Kirikuu iliyotumika, pale Dar es Salaam. Ilikuwa ndogo na kuukuu kidogo, lakini ilikuwa yetu. Hatukutaka kuiendesha safari yote ile kwa sababu injini yake ilikuwa ikichemka, na fundi alisema ipumzishwe mpaka ibadilishwe rejeta.

Hapo ndipo tulipomsikia dereva wa Fuso aliyekuwa anarudi Simiyu na nafasi nusu. Wenye magari maalumu ya kubebea magari walikuwa wametutajia bei iliyotuumiza kichwa. Huyu akataja bei isiyofika nusu yake. Tukaangaliana, tukacheka kwa furaha. Mmoja wetu akasema, "Rizki hiyo, Mungu katuona." Tukamlipa.

Kirikuu ilipandishwa kwa kurudisha Fuso nyuma kwenye tuta la udongo, wakaweka mbao mbili, wakaisukuma. Ikafungwa kwa kamba za katani na mipira iliyokatwa kwenye tyubu za matairi. Chini ya matairi hapakuwekwa gogo wala kigingi. Tulipouliza kama itatulia, dereva akatujibu, "Dada zangu msiwe na wasiwasi, kijana atakaa ndani ashike breki." Kijana mwenyewe alikuwa utingo wake, ana miaka kumi na tisa. Akapanda, akafunga mlango wa Kirikuu, akatupungia mkono dirishani kama mtoto aliyenunuliwa gari la Sikukuu.

Sisi tuliyaona hayo yote kwa macho yetu, tukasema tawakaltu alallah, tukaenda zetu kupanda basi.

Kilichofuata tunakisema kwa aibu. Kesho yake kutwa kulikuwa na mnada. Tukawa tunampigia dereva simu kila baada ya nusu saa. "Umefika wapi?" "Mbona bado?" "Tutakosa mnada, kaka yetu, jitahidi." Alipofika Shinyanga alituambia usiku ule hakulala. Sisi tukamjibu kuwa atalala akifika. Maneno hayo yalitoka kinywani mwetu, na malaika waliyaandika.

Baada ya Lalago, njia ya kuelekea Mwanhuzi, lami ilikuwa imekwisha na vumbi limejaa. Aliyepita njia zile wakati wa kiangazi anajua. Gari ikikutangulia huoni chochote mbele yako, umo kama ndani ya gunia la unga. Dereva akataka kuipita gari iliyokuwa mbele ndani ya vumbi hilo. Alipotoka upande wa pili akakuta kundi la ng'ombe linavuka. Akakanyaga breki. Fuso ikasimama, Kirikuu haikusimama. Kamba zikakatika, ikaenda mbele yote ikagonga bodi nyuma ya kichwa cha Fuso, na yule kijana alikuwa ndani.

Alhamdulillah hakufa. Paja lilivunjika mara mbili, na mpaka leo anatembea kwa mkongojo.

Dada zetu, sasa tuseme tulichojifunza, maana kusikitika peke yake hakufungi kamba.

Kwanza, gari juu ya gari halitulii kwa uzito wake. Wengi tunadhani kitu kizito hakisogei. Kirikuu ile ina kilo mia saba na kitu, tukaona kilo zote hizo ziende wapi. Lakini Fuso ikiwa kwenye mwendo wa kilomita 60 kwa saa, kila sekunde inapita mita 17, na kila kilichobebwa juu yake kinakwenda mwendo huohuo. Ukiisimamisha Fuso hujakisimamisha kilicho juu yake. Wenzetu wa Ulaya wameiwekea jambo hili hesabu: mafungo ya mzigo yaweze kuzuia nguvu ya asilimia 80 ya uzito wake usiende mbele, na asilimia 50 usiende pembeni wala nyuma. Ina maana Kirikuu yetu ilihitaji kuzuiwa kwa nguvu ya zaidi ya kilo mia tano upande wa mbele. Mguu wa kijana juu ya pedeli hauwezi, tena breki ya tairi haimaanishi kitu kama tairi lenyewe linateleza juu ya bati.

Pili, kamba nayo ina tabia zake. Sisi mafundi nguo tulipaswa kulijua hili kuliko watu wote. Uzi haukatiki katikati ya kitambaa, unakatika pale unaposuguliwa, kwenye tundu la sindano lenye kutu au ukingo wa bati la cherehani. Kamba ya katani iliyopita juu ya ncha kali ya bodi, gari likawa linaruka mashimoni kutwa nzima, ilikuwa imekwisha kukatwa nusu kabla ng'ombe hawajatokea. Na mipira ya tyubu inavutika, na kinachovutika hakizuii. Wanaojua kazi hii hutumia minyororo au mikanda mipana yenye chuma cha kukazia, wanafunga matairi yote manne, kwa sababu bodi ya gari inapanda na kushuka kwa springi lakini tairi halipandi. Wanaweka vigingi mbele na nyuma ya matairi, wanatia gia, wanavuta breki ya mkono. Wakishatembea kilomita chache wanasimama kukaza upya. Na ndani ya gari lililobebwa hawaruhusu mtu. Juu ya lori pale si mahali pa binadamu.

Tatu, tabia za madereva. Tumeziona nyingi na nyinyi mmeziona. Kuna anayetoa gia kwenye mteremko ili aokoe mafuta, akabaki na breki peke yake, na breki ikipata moto inakataa. Kuna anayepita gari nyingine kwenye kona au kwenye vumbi. Anayeendesha huku akiongea na simu tunamjua, maana anayempigia ni sisi. Sheria ya Usalama Barabarani ya Bara, ya mwaka 1973, inataka magari makubwa ya zaidi ya kilo 3,500 yasizidi kilomita 80 kwa saa, na kwenye makazi ya watu mwisho ni 50. Lakini sheria haikai ndani ya kichwa cha gari pamoja na dereva. Anayekaa naye humo ni njaa yake, usingizi wake, na simu ya mwenye mzigo.

Tujiulize kwa nini hawalali. Wengi wanalipwa kwa safari. Kuna hata wale wanaoitwa madereva wa IT, wanaoyatoa magari bandarini Dar es Salaam na kuyaendesha mpaka mipakani kwenda Zambia, Kongo, Rwanda na Burundi. Anayelipwa kwa safari akilala masaa sita anaona kama pesa imemtoka mfukoni. Hatusemi hivi kumtetea mtu anayeua wenzake. Tunasema hivi ili tuone na mkono wetu umo wapi.

Tunayo mifano ya kutosha. Tarehe 11 Januari 2022, hukohuko Simiyu, wilaya ya Busega, waandishi wa habari walikuwa kazini, gari lao likagongana na Hiace ya abiria, na watu zaidi ya kumi wakafariki. Tarehe 24 Februari 2024, Ngaramtoni, Arusha, lori lililokosa breki liligonga magari mengine na watu 25 wakapoteza maisha. Shirika la Afya Duniani linasema barabara zinaua watu wapatao milioni 1.19 kila mwaka duniani, na kwamba kwa watoto na vijana wa miaka 5 mpaka 29 hakuna kinachoua zaidi yake. Utingo wetu alikuwa na miaka kumi na tisa.

Na sisi wa visiwani tusiseme haya ni mambo ya Bara. Usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba 2011 tulikuwa wapi? MV Spice Islander ilikuwa inakwenda Pemba, imebeba watu na mizigo kuliko uwezo wake, ikazama karibu na Nungwi. Kuna nyumba Pemba mpaka leo hazijapona. Tulilia sote, tukasema haitarudi tena. Kisha tunapanda Fuso iliyojaa mpaka juu, tukasema ni karibu tu.

Sasa tuje kwenye dini, maana hapo ndipo tulipojidanganya zaidi. Tuliona kamba mbovu tukasema tawakaltu. Kuna hadithi aliyoipokea Imam Tirmidhi, ya mtu aliyemuuliza Mtume (S.A.W.) kuhusu ngamia wake: amfunge kisha amtegemee Mwenyezi Mungu, au amwache huru na amtegemee? Akaambiwa amfunge kwanza, kisha ndiyo ategemee. Hadithi hii tumesomeshwa tangu chuoni, tukiwa na juzuu amma mkononi. Lakini siku ngamia wetu alipokuja akiwa na matairi manne, tuliisahau. Tawakkul tuliitumia kufunika bei rahisi. Lile neno "rizki" tulilolisema kwa kicheko lilikuwa punguzo, na punguzo lile lililipwa na mguu wa mtoto wa mwenzetu.

Wapo watakaosema ni kadari, lingekuwa liwe lingekuwa. Sisi tunaamini kadari, ni nguzo ya imani yetu. Lakini kadari hatuitumii kumjibia mtu tuliyemdhuru. Tulipokwenda kumtazama yule kijana, tulikuta mama yake ameketi pembeni ya kitanda. Tulianza kusema hayohayo, kwamba ni mipango ya Mungu. Akatusikiliza mpaka tukamaliza. Akauliza swali moja tu: "Nyinyi mlimwona akipanda humo?" Hatukuwa na jibu lingine. Tukasema, "Ndiyo mama, tulimwona."

Gharama za hospitali tumelipa, Kirikuu tukaiuza kama chuma ili zitoshe. Kila mwezi tunatuma kitu, na tumekubaliana tutaendelea mpaka apate kazi ya kukaa. Sasa hivi anajifunza cherehani kwa mwenzetu hapo Bukundi. Tunaitaja hii tusije tukaonekana wema. Ni deni tu hilo, na deni tunalichukua mpaka kaburini lisipolipwa.

Basi dada zetu wafanyabiashara, mnaosafirisha majokofu, vyerehani, magari, bajaji na pikipiki, tunawaomba mambo machache. Kabla hujalipa, nenda ukaone mwenyewe kamba. Uliza atafunga nini, wapi, na kwa kitu gani, na kama jibu ni kijana kushika breki, ondoka na pesa yako. Muulize dereva alilala lini, na ukiona macho mekundu mwambie alale, wewe ndiye utakayekosa mnada, si dunia itakayokwisha. Akiwa njiani usimpigie, mwambie akupigie yeye akisimama. Usikubali mtu akae juu ya mzigo wako, hata akikuomba lifti kwa Mungu na Mtume. Na bei ikiwa rahisi kupita kiasi, jiulize ni nani anayelipa kilichobaki.

Na wale wenye waume, kaka na watoto wanaoendesha: wanaume wetu wanatusikiliza zaidi ya wanavyokiri. Tusiwasifu kwa kufika haraka. Tumezoea kusema, "Fulani dereva kweli, katoka Dar saa kumi na mbili jioni alfajiri yuko kwake." Sifa hiyo inaua. Tuanze kumsifu aliyechelewa akafika mzima na watu wake.

Msimu mwingine wa pamba unakuja, insha'Allah tutakwenda. Tutapeleka mzigo kidogo kidogo kwa basi, faida itapungua, na tumeridhika. Tukishaweka marobota na kuangalia yamefungwa, ndipo tutasoma dua yetu ya safari.

Mwenyezi Mungu atusamehe, amponye kijana wetu, awarehemu wote waliokufa njiani, nchi kavu na baharini, na awarudishe madereva wetu kwa watoto wao. Amin.

Wassalaam.