Punda asife, na mzigo ufike

Anayetaka kujifunza namna ya kumwokoa mnyama wa kazi aanzie Cairo, mwaka 1930. Mwaka huo Dorothy Brooke, mke wa afisa wa jeshi la Uingereza, alifika katika mji huo na kuanza kuwatafuta farasi waliosalia baada ya Vita Vikuu vya Kwanza. Jeshi lililowatumia vitani lilikuwa limewauza hukohuko Misri badala ya kuwarudisha kwao. Aliowakuta, zaidi ya miaka 10 baada ya vita, walikuwa mifupa mitupu: wengine vipofu, wengine vilema, na bado walikuwa wakivuta mikokoteni kutwa kucha. Mwaka 1931 aliandika barua katika gazeti la Morning Post la London, wasomaji wakachanga fedha, na katika muda wa miaka mitatu hivi akanunua farasi wapatao 5,000. Wengi wao hawakupata makao mapya. Walikuwa wamechakaa kiasi cha kutotibika. Walipumzishwa, wakalishwa, kisha wakauawa bila maumivu.

Sifa ya mama huyo imesimama juu ya ununuzi huo, lakini kilichodumu ni jambo jingine. Mwaka 1934 alifungua hospitali mjini humo, ambako wachukuzi na waendesha mikokoteni maskini waliweza kuleta wanyama wao watibiwe bila malipo. Sababu ya kufanya hivyo haihitaji utafiti mrefu. Mwenye mkokoteni aliyeuza farasi wake mzee bado alikuwa na watoto wa kulisha, kwa hiyo alihitaji farasi mwingine upesi, naye angemtumikisha kwa hatamu zilezile, mzigo uleule na ujinga uleule. Kumnunua mnyama aliyeteswa kunampumzisha yeye peke yake. Kazi, umaskini na mkokoteni vinabaki vikimsubiri wa pili. Hilo ndilo somo ambalo sisi wa Afrika Mashariki tunalihitaji leo tunapozungumzia punda wetu. Uokoaji wa kweli huanza kwa mwenye punda, na kumtoa mnyama mikononi mwake ni hatua ya mwisho, tena ya wachache.

Eneo letu halijawahi kuwa na farasi wengi wa kazi, kwa kuwa mbung'o na maradhi ya farasi vimewazuia kuenea. Mzigo ambao Cairo ulibebwa na farasi, huku kwetu hubebwa na punda: madumu ya maji Ukambani, mpunga wa Mwea, magunia ya mahindi Dodoma, mawe na mchanga wa ujenzi katika vichochoro vya Lamu. Ukiwatazama punda wanaoitwa wametelekezwa, utaona kwamba mateso mengi yana chanzo kinachoeleweka. Kidonda cha begani kimetokana na kamba ya nailoni iliyotumika badala ya mkanda mpana. Kidonda cha mgongoni kimetokana na gunia kuukuu lililotandikwa mahali pa tandiko nene. Mkokoteni wa magurudumu mawili ukipakiwa mzigo mzito mbele, humkandamiza punda mgongoni. Ukipakiwa nyuma kupita kiasi, humnyanyua na kumbana tumbo. Kwato zisizopunguzwa hurefuka na kupinda hadi mwendo wenyewe unakuwa adhabu. Juu ya hayo, punda ana tabia ya kuficha maumivu. Hapigi kelele akiumia, na mwenyewe asiyefundishwa huudhani ukimya ule kuwa ni uzima. Ukatili wa makusudi upo, na hauna utetezi, lakini sehemu kubwa ya ninayoyaeleza inaondolewa kwa mkanda, tandiko, kisu cha kwato na saa chache za mafunzo.

Lamu inatupa ushahidi wa karibu zaidi kuliko Cairo. Hapo, ambapo vichochoro vya mji wa kale haviingii gari, punda ndiye lori, teksi na toroli. Mwaka 1987 shirika la Uingereza la Donkey Sanctuary, lililoanzishwa na Elisabeth Svendsen, lilifungua kituo cha punda mjini humo. Kituo hicho kinapokea punda wazee na wagonjwa, lakini moyo wa kazi yake ni zahanati: kutibu vidonda, kutoa dawa ya minyoo, kuwahudumia punda waliosokotwa na tumbo baada ya kumeza plastiki jalalani. Pia kuna mashindano ambamo mwenye punda aliyetunzwa vizuri kuliko wote hupewa zawadi. Mashindano hayo yanaweza kuonekana kama burudani, lakini yana maana kubwa. Yanamfanya mchukuzi aonee fahari punda mnene kama anavyoonea fahari chombo chenye tanga jipya. Mtu aliyesifiwa mbele ya majirani kwa kumtunza punda hahitaji askari wa kumwandama.

Wapo watakaosema kwamba huu ni upole uliopitiliza, kwamba anayempiga punda hadi damu itoke anyang'anywe na ashtakiwe. Nakubaliana nao kwa kiasi. Kenya ina Sheria ya Kuzuia Ukatili dhidi ya Wanyama, Sura ya 360, inayomtia hatiani anayemzidishia mnyama mzigo au kumfanyisha kazi akiwa mgonjwa. Tanzania ina Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008. Zitumike dhidi ya wakaidi. Swali ambalo wanaodai adhabu hawalijibu ni hili: punda akishanyang'anywa, analala wapi usiku huo? Asipokuwa na pa kwenda, atafungwa nje ya kituo cha polisi bila maji wala majani, au atapigwa mnada, na mnunuzi wa bei ya chini anaweza kuwa mchukuzi mwingine asiye na tandiko, au mchinjaji. Kutaifisha bila makao ni kumhamisha mnyama kutoka mateso haya hadi mateso yale.

Na makao mapya yana masharti yake. Mashirika yenye uzoefu mrefu nchini Uingereza hayamgawi punda au farasi aliyeokolewa kama zawadi. Shirika hubaki mmiliki wa mnyama, mlezi husaini mkataba, mkaguzi hutembelea, na mambo yakiharibika mnyama hurudishwa. Punda, kwa desturi, hutolewa wawili wawili, kwa sababu hushikamana sana na mwenzake. Akitenganishwa anaweza kugoma kula, na punda asiyekula hupatwa haraka na ugonjwa wa mafuta kujaa katika damu unaoweza kumuua. Hakuna sharti hata moja kati ya haya lisilowezekana Machakos au Singida. Vikundi vya wachukuzi na wenye punda vipo. Vinaweza kupendekeza familia yenye malisho, na afisa mifugo akapita kukagua kila baada ya miezi michache. Mkataba uandikwe bayana kwamba punda huyo hauzwi wala hachinjwi. Tuwe wakweli pia kwamba baadhi ya watakaookolewa hawatafaa kwa makao yoyote, kama ilivyokuwa Cairo. Kwa hao, sindano ya daktari ni huruma kuliko miaka ya kuchechemea.

Pingamizi la pili ni zito zaidi: tunawezaje kugharamia punda ilhali watoto wanalala njaa na zahanati za binadamu hazina dawa? Pingamizi hili linachukulia kwamba maslahi ya punda na ya mtu yanashindana, na hapo ndipo linapokosea. Katika kaya isiyo na bomba wala gari, punda ndiye anayemtua mama dumu la maji kichwani na mzigo wa kuni mgongoni. Punda huyohuyo akikodishwa huleta karo ya shule. Siku akilala na kidonda, mzigo haupotei. Unarudi kwa mama na kwa binti ambaye kesho hataonekana darasani. Chanjo ya pepopunda na dawa ya minyoo ni gharama ndogo ukilinganisha na kununua punda mwingine, na punda aliyetunzwa anaweza kuishi miaka 30 au zaidi, akifanya kazi sehemu kubwa ya umri huo. Shilingi inayomtibu punda inailinda kaya ileile ambayo watetezi wa pingamizi hili wanaisemea.

Wengine hudai kwamba huruma kwa wanyama ni mzigo wa mawazo tulioletewa na wageni. Ni kweli kwamba mashirika mengi yaliyotajwa hapa yalianzia Uingereza, na ni aibu yetu kwamba tumewaachia wao kazi hii. Lakini maadili yenyewe hayakufika na ndege. Muislamu wa pwani amefundishwa tangu madrasa kwamba Mtume alimlaani aliyemchoma punda chapa usoni. Mkristo anaijua habari ya Balaamu, aliyempiga punda wake mara tatu hadi malaika wa Mungu akamkemea kwa kipigo hicho. Wahenga nao walisema punda afe mzigo ufike, na wengi wetu tumeichukua kauli hiyo kama ruhusa. Hesabu ya kawaida inatuonyesha upungufu wake: punda akifa leo, mzigo wa leo huenda ukafika, ila wa kesho hautaondoka.

Pingamizi la mwisho ni la wafanyabiashara. Bodaboda na tuktuk zimeenea, wanasema, kwa hiyo punda auzwe ngozi, tupate fedha za kigeni. Ngozi hiyo huchemshwa nchini China kutoa gundi iitwayo ejiao, inayotumiwa kama dawa na kirutubisho. China yenyewe ilikuwa na punda zaidi ya milioni 10 mwanzoni mwa miaka ya 1990. Leo hawafiki milioni 3, na ndiyo maana wanunuzi walikuja Afrika. Kenya iliwafungulia mlango. Utafiti wa shirika la utafiti wa kilimo na mifugo, KALRO, ulikadiria kwamba kati ya Aprili 2016 na Desemba 2018 punda zaidi ya 300,000 walichinjwa, kwa kasi iliyozidi sana ile ya kuzaliana. Hilo halishangazi, kwani punda jike hubeba mimba mwaka mzima na huzaa mtoto mmoja. Sensa ya 2009 ilihesabu punda takriban milioni 1.8, ile ya 2019 ilihesabu takriban milioni 1.2. Bei ilipanda, wezi wakaingia maboma usiku, na wanakijiji waliamka wakakuta mizoga iliyochunwa porini. Familia iliyoibiwa haikuona hata senti ya hizo fedha za kigeni, na wala haikuwa na ya kununulia bodaboda.

Serikali ya Kenya ilipiga marufuku uchinjaji huo Februari 2020, lakini mwaka uliofuata Mahakama Kuu ikaitengua amri hiyo. Tanzania iliusitisha uchinjaji wake mwaka 2022. Februari 2024, wakuu wa nchi za Umoja wa Afrika waliokutana Addis Ababa walikubaliana kusimamisha kwa miaka 15 uchinjaji wa punda kwa ajili ya ngozi barani kote. Uamuzi huo una uzito wa kisiasa, ila hauwezi kumkamata mwizi wa Kajiado wala wakala wa mpakani mpaka kila nchi iutungie sheria yake. Na bila sheria hiyo, kazi yote ya kuwatafutia punda makao mapya ni bure, kwa kuwa tutakuwa tunawanenepesha kwa ajili ya wezi.

Kwa upande wa Kenya, hakuna haja ya kusubiri katiba mpya. Jedwali la Nne la Katiba ya 2010 limezikabidhi kaunti udhibiti na ustawi wa wanyama, pamoja na mahali pa kuwahifadhi, kuwatunza na kuwazika. Jukumu hilo liko kwenye maandishi tangu siku ya kwanza ya ugatuzi. Kwa hiyo, waheshimiwa wa mabunge ya kaunti, na madiwani wenzao wa halmashauri za Tanzania, bajeti ijayo iwe na vifungu vitatu: kliniki ya siku moja ya punda katika kila soko kubwa, mafunzo kwa mafundi wa mikanda, matandiko na mikokoteni wa hapahapa, na zizi moja lenye maji, malisho na daktari kwa punda wale wachache wanaoondolewa mikononi mwa wenyewe kwa amri ya mahakama. Bunge la taifa nalo lipitishe sheria inayofunga biashara ya ngozi kwa namna ambayo haitavunjwa tena mahakamani. Nawe msomaji, utakapomwona punda ametanda vidonda barabarani, piga simu kwa afisa mifugo wa eneo lako kabla ya kupiga picha.