Mamoja Chini ya Mamoja: Mpangilio wa Tarakimu katika Majedwali Yetu

Kila mwalimu aliyewahi kufundisha hesabu katika madarasa ya chini anaijua kanuni ya kwanza ya kujumlisha kwa wima: mamoja hukaa chini ya mamoja, makumi chini ya makumi, na mamia chini ya mamia. Mwanafunzi anayeivunja kanuni hii husahihishwa papo hapo, na daftari lake hurudi likiwa na wino mwekundu. Ajabu ni kwamba mwalimu yuyo huyo, akitoka darasani na kuketi mbele ya kompyuta ili aandae jedwali la alama au la mavuno ya shamba la shule, aghalabu huivunja kanuni hiyo bila kujua, kisha hulibandika jedwali lake ukutani ili watu wote walisome. Katika makala haya twapenda kueleza kwa nini jambo hili, ambalo wengi huliona kuwa ni urembo tu, ni jambo la mbinu za kufundishia.

Tulipokuwa tukiwatembelea walimu wanafunzi katika mazoezi ya kufundisha upande wa Madaba, tuliingia katika shule moja yenye ubao mzuri wa matangazo. Juu yake palikuwa na jedwali la mavuno ya mahindi ya vitalu vya shule, limepigwa chapa kwa kompyuta, na namba zake zote zimeanzia upande wa kushoto. Kitalu kimoja kilikuwa kimetoa kilo 104, na kingine kilo 96.5. Tulimwuliza mwanafunzi mmoja ni kitalu kipi kilichotoa zaidi. Alitazama, akaonyesha kile cha 96.5. Tulipomwuliza sababu, alijibu kwa adabu kwamba namba ile ndiyo ndefu kuliko nyingine. Mtoto yule hakuwa mjinga. Alilisoma jedwali kama lilivyopangwa, na jedwali ndilo lililomdanganya.

Na tuchukue mfano ambao msomaji anaweza kuujaribu mwenyewe ubaoni. Andika namba 8, kisha 74 chini yake, kisha 105, zote zikianzia kushoto. Sasa 8 imekaa juu ya 7, na 7 imekaa juu ya 1. Mwanafunzi akijumlisha kwa kufuata safu kama anavyoziona, atapata 1,645, ilhali jibu la kweli ni 187. Zipange namba zizo hizo zikiishia kulia, na kosa hilo halina mahali pa kuingilia. Tukiziweka katikati, kama wengi wapendavyo kwa kudhani kuwa ndiyo nadhifu, hali huwa mbaya zaidi, kwa maana hakuna tarakimu inayojua jirani yake ni nani.

Kosa hili lina historia yake. Zamani shule zilipotumia taipureta na stensili, kila herufi na kila tarakimu ilichukua upana ule ule mmoja katika mashine nyingi. Nafasi tupu nayo ilikuwa na upana huo huo. Mpiga chapa aliyetaka kuipanga 8 chini ya mamoja ya 105 aligonga kitufe cha nafasi mara mbili, na hesabu yake ikalala sawasawa. Basi wengi wetu tulirithi mkono huo, au tulifundishwa na waliourithi, tukauleta kwenye kompyuta. Lakini herufi za kompyuta tunazozitumia zaidi hazina upana mmoja. Katika Times New Roman, ambayo asili yake ni gazeti la The Times la London mwaka 1932, nafasi moja tupu ni nusu ya upana wa tarakimu moja. Anayegonga nafasi kwa mazoea ya taipureta hupata safu iliyopinda. Akiongeza nyingine hadi inyooke, huenda ikanyooka machoni pake. Lakini akilipeleka jedwali kwenye duka la stesheneri mjini Songea, na kompyuta ya huko ikabadili aina ya herufi, safu hupinda tena, naye hulaumu mashine.

Dawa yake si ngumu. Katika programu ya kuandikia, mwalimu aichague safu nzima ya namba na kuiamuru iegemee kulia, wala asiguse kitufe cha nafasi. Majina ya wanafunzi yabaki kushoto, kwa sababu jina husomwa kuanzia mwanzo wake. Kichwa cha safu kifuate kile kilicho chini yake: kichwa cha majina kushoto, na kichwa cha alama kulia. Herufi za madaraja, yaani A, B, C na kadhalika, zaweza kukaa katikati bila madhara, kwa kuwa hazijumlishwi. Namba za watahiniwa na namba za simu nazo, ingawa ni tarakimu, si kiasi cha kitu, hakuna azijumlishaye. Hizo zikae kushoto pamoja na majina, wala zisitiwe mkato wa maelfu.

Panapokuwa na desimali, kuegemea kulia peke yake hakutoshi. Katika jedwali la vitalu tulilolitaja, 96.5 na 104 zikiegemea kulia, tano ya desimali hukaa chini ya mamoja, na uongo huwa ni ule ule kwa sura nyingine. Inafaa namba zote za safu moja ziwe na idadi moja ya desimali: 104.0 na 96.5. Hapo nukta husimama chini ya nukta, na mtoto huona bila kuambiwa kwamba 104.0 ina mamia, na 96.5 haina.

Kuhusu aina ya herufi, hatuwataki walimu warudi kwenye herufi za taipureta kama Courier. Katika Times New Roman, Arial na Calibri, tarakimu zote kumi zina upana mmoja, hata kama herufi zake zinatofautiana, hizo zinatosha. Tahadhari ni kwa herufi kama Georgia, iliyochorwa na Matthew Carter na kutolewa na Microsoft mwaka 1996. Tarakimu zake 3, 4, 5, 7 na 9 hushuka chini ya mstari, 6 na 8 hupanda juu, na 0, 1 na 2 hubaki fupi kama herufi ndogo. Ndani ya sentensi zinapendeza; ndani ya safu ya alama hupanda na kushuka, na jicho la mtoto hupoteza mstari. Zaidi ya hayo, katika Arial herufi kubwa I na herufi ndogo l zinafanana mno. Anayeandika madaraja ya I, II na III alikumbuke hilo kabla hajachapa.

Lipo jambo jingine ambalo twaliona kuwa zito kuliko yote. Programu ya hesabu, kama Excel, huweka namba kulia na maneno kushoto bila kuamriwa. Namba ikijikuta upande wa kushoto, mara nyingi ni ishara kwamba programu imeipokea kama neno, pengine kwa sababu liliingizwa herufi O mahali pa sifuri, au ilinakiliwa vibaya kutoka kwingine. Namba ya namna hiyo huonekana machoni, lakini amri ya kujumlisha safu huiruka. Sasa fikiria mwalimu aliyeliweka jedwali zima katikati kwa ajili ya uzuri. Ameizima taa iliyokuwa ikimwonya. Mwanafunzi aliyepata alama 71 katika somo moja anajumlishiwa kana kwamba hakufanya mtihani ule. Nafasi yake darasani inashuka, na mzazi wake anampokea nyumbani kwa maneno makali. Hapo mpangilio si urembo tena, ni haki ya mtoto.

Wala si haki ya mtoto peke yake. Wilaya ya Songea ina kumbukumbu yake ya hesabu za wazi. Matetereka, ambayo leo imo katika Halmashauri ya Madaba, ilikuwa miongoni mwa vijiji vya Chama cha Maendeleo cha Ruvuma hadi chama hicho kilipovunjwa mwaka 1969. Vijiji vile vilisimama juu ya kazi ya pamoja na mgawanyo wa mapato, na mgawanyo hauna amani pasipo hesabu inayosomeka na wote. Leo shule hubandika ukutani fedha za ruzuku na matumizi yake ili wazazi wazione. Shilingi 85,000 na shilingi 850,000, zikiwekwa katikati ya visanduku, hufanana kwa mtu asiye na miwani aliyesimama hatua mbili mbali na ubao. Zikiegemea kulia, tofauti yake hutokeza upande wa kushoto kama kichwa cha mtu mrefu katika mstari wa gwaride.

Wapo walimu wenzetu watakaosema kwamba shule nyingi za vijijini hazina kompyuta ya kutosha, na kwamba tunawapotezea muda. Tunakubali upungufu huo. Lakini kanuni hii haikuzaliwa na kompyuta: inatumika kwa chaki ubaoni, kwa kalamu katika kitabu cha mahudhurio, na kwa kijiti mchangani. Kompyuta imefanya jambo moja tu: imerahisisha kukosea kwa unadhifu. Karatasi iliyochapwa ikang'aa huaminiwa kuliko mwandiko wa mkono, na kosa lililovaa nguo nzuri halishukiwi.

Tunapendekeza basi kwamba katika vyuo vyetu vya ualimu kitengwe kipindi kimoja cha zoezi lifuatalo. Mkufunzi atoe jedwali moja katika sura tatu: namba zikiwa kushoto, zikiwa katikati, na zikiwa kulia. Latosha jedwali la Sensa: Ruvuma watu 1,376,891 mwaka 2012 na 1,848,794 mwaka 2022, Tanzania nzima 44,928,923 na 61,741,120 katika miaka hiyo hiyo. Makundi matatu ya walimu wanafunzi, kila moja na sura yake, yatafute ongezeko la mkoa na la nchi, yaani watu 471,903 na watu 16,812,197. Kisha wabadilishane karatasi na kujadili ni ipi iliyowasaidia na ipi iliyowachelewesha. Mwalimu aliyetaabika mwenyewe na jedwali baya hatampa mtoto jedwali baya.

Mwalimu hufundisha kwa kinywa chake, na hufundisha pia kwa karatasi anayoibandika ukutani. Mambo hayo mawili yakipingana, mtoto hushika lile analoliona kila siku. Tukimtaka aweke mamoja chini ya mamoja katika daftari lake, sisi nasi hatuna budi kuanza kufanya hivyo katika majedwali yetu.